Tarehe Niliyoikosea

Wiki iliyopita mliniacha ofisini nimesimama, rula mkononi, macho kwenye kitabu kilichorudi asubuhi ile kutoka kwa fundi wa kujalidi. Kwa anayekutana nami leo mara ya kwanza nitaeleza kwa kifupi tu, maana aibu kama hii hainogi kurudiwa.

Kazi yangu ni kutafuta tarehe.

Mwajiri wangu ni mnajimu. Ana vyumba viwili juu ya duka la pampu za maji, na kila Ijumaa anawapelekea wateja wake waraka wa kurasa mbili: siku gani wanunue hisa, siku gani wauze. Siku hizo anasema zinatoka angani. Sayari mbili zikifika kwenye pembe fulani, nyuzi tisini au nyuzi mia na ishirini, soko linageuka. Ndivyo anavyofundisha, na watu wanalipa kumsikiliza.

Anayezitafuta pembe hizo ni mimi. Naandika majina ya sayari mbili kwenye programu ya kompyuta, naweka pembe, nabonyeza, napewa orodha ya tarehe. Halafu nafungua kitabu cha majedwali, mstari mmoja kwa kila siku, safu moja kwa kila sayari, napiga hesabu kwa mkono nihakikishe mashine haijanidanganya. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa takwimu za mvua kwa miaka kumi na mmoja, mpaka nilipopunguzwa kazi. Majedwali hayanitishi. Ofisini wananiita Mama Hesabu.

Mwezi ule kitabu kilichanika mgongo, nikakipeleka kwa fundi. Sikuhakikisha chochote. Nikaiamini mashine, nikaandika: Mirihi na Zohali, nyuzi tisini, tarehe kumi na nne. Uzeni kabla ya hapo.

Tarehe kumi na nne soko likaanguka kama ukuta uliolowa. Wateja wetu walikuwa wameshauza. Wakaja kutushukuru hadi ngazi zikajaa.

Sasa kitabu kilikuwa kimerudi, na kitabu kilisema maneno mengine. Tarehe kumi na nne Mirihi ilikuwa nyuzi kumi na mbili za nyota ya Mapacha. Zohali, nyuzi kumi na nane za Samaki, nyota tatu nyuma yake. Nikahesabu tofauti, nyuzi thelathini kwa kila nyota.

Themanini na nne.

Nikahesabu tena. Themanini na nne. Zilibaki nyuzi sita kufika tisini, na kwa mwendo wa Mirihi hizo ni siku kumi na moja. Tarehe ya kweli ilikuwa ishirini na tano.

Nikarudi kwenye kompyuta. Chini kabisa ya ukurasa, mahali pa kuchagua unapotazamia sayari, alama ilikuwa kwenye "Jua" badala ya "Dunia". Nikakumbuka. Kuna mteja aliyetaka kuona pembe kama zinavyoonekana ukisimama kwenye jua. Nilimwonyesha, akaondoka, na mimi sikurudisha.

Kwa hiyo lile lililowaokoa wale watu wote lilikuwa kosa. Halikutoka kwa Mirihi wala kwa Zohali. Lilitoka kwenye kidole changu.

"Mama Hesabu!"

Mnajimu aliingia anacheka, simu sikioni. Zamani alikuwa wakala wa bima, na mpaka leo hutembea kama mtu anayeelekea kukushika mkono.

"Toka kwenye kiti hicho," akasema. "Nimekuagizia kingine. Mtu mwenye akili kama yako hawezi kukalia mbao."

"Bosi, kuna jambo."

"Kama ni mshahara, nimeshaongeza."

"Siyo mshahara."

"Basi ni nini?"

Nilimtazama. Nyuma yake, benchi la wateja lilikuwa limejaa. Mama mmoja alikuwa amefumba macho kama yuko ibadani.

"Kitabu kimerudi," nikasema.

"Hilo tu? Kimejalidiwa vizuri?"

"Vizuri sana."

Hapo ndipo nilipoanza kuoza. Nililetewa kiti kipya chenye magurudumu, nikakikalia.

Tarehe ishirini na tano, siku ya kweli, nilishinda nimekodolea macho ukurasa wa bei. Nilitaka kitu kitikisike. Hata kidogo tu, ili nijiambie kwamba Zohali anatujua.

Hakuna kilichotikisika. Bei zilitulia kama maji mtungini mpaka soko likafungwa.

Mtu mwenye akili timamu angeelewa siku ile ile. Kosa langu lilikuwa limepiga, ukweli wangu ukakosa. Hakuna hesabu nyepesi kuliko hiyo. Lakini mimi nilikuwa na mshahara mpya, na kiti kipya, na jina. Nikajiambia labda mteja mmoja mmoja tu ndiye angeumia, na tena mtu nisiyemfahamu.

Siku nne baadaye, aliyekaa kwenye benchi alikuwa kaka yangu.

Kaka yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi na mbili. Ni dereva wa treni aliyestaafu mwaka huu. Baba alipofariki yeye ndiye aliyenilipia shule, muhula kwa muhula, hata ule aliovunjika mkono. Ni mtu wa maneno machache, na maneno hayo huyatamka taratibu, kama bado anasikilizia breki.

"Mdogo wangu," akasema, "mbona hukutuambia?"

"Kuwaambia nini?"

"Kwamba unajua siku."

Nikamvuta hadi kwenye veranda, tukasimama juu ya kelele za duka la pampu.

"Kaka, hizi ni biashara za watu. Wewe rudi nyumbani."

"Fundi wangu wa viatu alipata mara mbili ya alichokuwa nacho. Fundi wa viatu! Na dada yake hafanyi kazi hapa."

"Alibahatika."

"Mlisema tarehe kumi na nne, na ikawa tarehe kumi na nne. Bahati inajua tarehe?"

Akanisogelea.

"Ni wifi yako," akasema. "Presha ya macho imekula jicho la kulia, sasa iko kwenye la kushoto. Daktari amesema upasuaji ufanyike kabla ya mwezi ujao kwisha, na kinachopotea hakirudi. Kiinua mgongo changu hakifiki. Kimepungukia njiani. Ninachotaka ni kukisukuma kidogo tu, kifike."

"Kaka, nisikilize. Usitie pesa ya macho ya mtu humu."

"Kwa nini?"

Hapa, ndugu msomaji, palikuwa na nafasi. Neno lilikuwa moja tu: nilikosea. Mlango ulikuwa wazi, na hakuna aliyenishika koo.

"Soko lina hatari zake," nikasema.

Akanitazama. Sikuwahi kuona uso ule kwake.

"Wageni unawafungulia," akasema, "mimi unanifungia mlango. Sawa."

Akarudi ndani. Mnajimu alimpokea kwa mikono miwili. "Kaka wa Mama Hesabu! Huyu halipi. Huyu ni wa nyumbani."

Nikaitwa, nikatafuta tarehe mbele yake.

Zuhura na Mshtarii, nyuzi mia na ishirini. Hiyo kwao ni pembe ya neema, ya kununua. Safari hii nilikagua ile alama mara tatu: Dunia, Dunia, Dunia. Mashine ikasema tarehe tisa, saa nne asubuhi. Nikafungua kitabu, nikaweka rula chini ya mstari wa tarehe tisa, kisha wa tarehe kumi, nikagawanya mwendo wa siku nzima, nikapata saa nne na dakika saba. Sikuwahi kupiga hesabu safi kama ile.

Na hili ndilo ninaloungama leo, maana lile la kwanza lilikuwa uzembe tu. Nilipomaliza hesabu ile, nilijisikia nimemlinda. Nilijua tarehe hazina kitu, hata hivyo nikaipa ile moyo wangu wote kwa sababu ilikuwa sahihi. Nikamkabidhi kaka yangu karatasi kama ninampa dawa.

"Imehakikishwa?" akauliza.

"Imehakikishwa."

Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akaufunga kwa kifungo.

Tarehe tisa alinunua hisa za kiwanda cha saruji, kwa ushauri wa Mnajimu, kiinua mgongo chote.

Tarehe kumi zilipanda. Alinipigia simu. Sikuwahi kumsikia akicheka vile tangu utotoni. "Naona umeshaanza kumtibu wifi yako macho," akasema.

Tarehe kumi na mbili tanuru la kiwanda lilipasuka. Hakuna aliyekufa. Ila uzalishaji ulisimama, na jioni hiyo ikajulikana kwamba wakubwa wa kiwanda walikuwa wameficha ripoti ya nyufa kwa miezi saba. Tarehe kumi na tatu bei ilishuka hadi ungedhani wamekosea kuandika. Tarehe kumi na nne hisa zile zikasimamishwa: huwezi kununua, huwezi kuuza. Unazo, lakini ni sawa na tiketi ya treni iliyokwisha kuondoka.

Nilimpigia kaka mara sita. Hakupokea.

Nikaingia chumbani kwa Mnajimu bila kubisha hodi. Alikuwa anakunywa chai, miguu juu ya droo.

"Tarehe ya Mirihi ilikuwa ya kosa," nikasema.

"Tarehe ipi?"

"Kumi na nne ya mwezi uliopita. Iliyokupa jina. Programu ilikuwa inatazama kutoka kwenye jua. Tarehe ya kweli ilikuwa ishirini na tano. Nililijua kosa hilo siku kitabu kiliporudi, nikanyamaza. Nifukuze."

Nilitegemea aruke. Hakuruka. Alishusha miguu, akaweka kikombe chini taratibu.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Ijumaa ile ile, kabla waraka haujatoka. Mimi pia nina hiyo programu nyumbani, unadhani nakuachia wewe tu? Niliona umepotoka kwa siku kumi na moja."

Nikavuta kiti. Nikakaa.

"Na ukautoa?"

"Ulikuwa umeshapangwa vizuri. Kurasa mbili zimekaa sawasawa. Na nikajiuliza, kuna tofauti gani?" Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitia baridi. "Mama Hesabu, miaka ishirini niliuza bima. Mtu hanunui usalama, ananunua siku ya kwanza anayolala vizuri. Hapa ni hivyo hivyo. Watu wanaogopa kununua, wanaogopa kuuza, wanakaa tu wanaliwa na woga. Mimi nawapa siku. Wakishapewa siku wanaamka, wanavaa, wanatoka. Ikipiga wananishukuru, ikikosa wanalaumu kiwanda."

"Kaka yangu ameweka macho ya mke wake!"

"Mimi sikumwita."

"Ulimwambia ni wa nyumbani."

"Na sikumtoza hata senti," akasema. "Pole sana, kwa kweli. Lakini ukimwambia habari ya kosa lile, atakuuliza swali moja tu: kwa nini hukusema siku ile kwenye veranda? Una jibu?"

Alikuwa ametusikia. Dirisha lake linafungukia veranda.

Niliacha funguo juu ya meza. Akazisogeza upande wangu kwa kidole kimoja.

"Utarudi," akasema. Hakusema kwa ubaya.

Nikaenda kwa kaka kwa miguu. Nilitaka safari iwe ndefu, nikajikuta nimefika.

Nyumba wanayokaa ni ya wifi. Aliachiwa na mama yake: vyumba vitatu, ua wa saruji, bomba lililofungwa kwa kitambaa. Kaka alikuwa uani peke yake, ameketi kwenye kigoda, anang'arisha viatu vyake vya kazini ambavyo hana tena pa kuvivaa. Wifi alikuwa ndani amelala, kaka akasema, kichwa kinamwuma.

"Kaka, nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini? Umelipasua tanuru wewe?"

"Ile tarehe kumi na nne ya kwanza. Iliyofanya uje. Ilikuwa kosa."

Nikamwambia yote. Alama ya jua, kitabu kwa fundi, nyuzi themanini na nne, tarehe ishirini na tano iliyopita kimya. Nikamwambia nilijua siku alipokuja. Nikamwambia hata habari ya kiti kipya.

Aliendelea kupiga brashi kiatu kile kile. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru angenipiga.

"Subiri kwanza," akasema mwishowe. "Hiyo ya kumi na nne ulikosea."

"Nilikosea."

"Na ikapiga."

"Ilitokea tu, kaka."

"Ya ishirini na tano ilikuwa sahihi, haikupiga. Ya kwangu ilikuwa sahihi, haikupiga."

"Ndiyo. Ndiyo maana nakwambia hakuna kitu mle. Ni—"

Akaweka brashi chini. Akainua uso, na nikaona macho yake yanang'aa.

"Basi kosea tena," akasema.

"Unasemaje?"

"Tazama kutoka kwenye jua. Watu wote wanatazama kutoka hapa chini, ndiyo maana wanakosa. Wewe ulipanda ukatazama kutoka kule, ukaona. Hukukosea, mdogo wangu. Hukujua tu ulichokishika." Alikuwa anaongea haraka, yeye asiyeongea haraka hata siku moja. "Nitafutie moja. Moja tu. Ya wiki hii."

"Kaka, unanisikia ninachosema?"

"Nakusikia vizuri."

"Na utanunua kwa nini? Huna kitu! Kimekwisha!"

Alitazama mlango wa ndani, kisha akaingiza mkono chini ya gazeti alilokuwa ameweka viatu juu yake, akatoa bahasha ya kahawia. Akanipa.

Ilikuwa karatasi ya kampuni ya mikopo. Nilizoea kusoma safu, kwa hiyo nilisoma haraka. Kiasi. Muda: siku tisini. Dhamana: nyumba ya vyumba vitatu, yenye ua, mali ya mkopaji. Mkopaji ni mwanamke. Jina ni la wifi yangu.

Na saini ilikuwa ya kwake. Ilianzia juu ya mstari, ikauvuka, ikaishia kwenye maandishi ya chini, kama inavyokuwa mtu akiandika bila kuuona mstari.

"Amekubali?" nikauliza.

Kaka alirudisha macho kwenye viatu.

"Pesa iko kwangu tangu jana," akasema. "Ukinipa siku, nitairudisha yote na ya hospitali juu. Hatajua kamwe. Hakuna haja ya yeye kujua."

"Kaka, ulimwambia anatia saini nini?"

Akaokota brashi.

Kitasa kikasogea. Wifi alitokea mlangoni, mkono mmoja ukipapasa fremu, kanga mabegani. Alikuwa ameamka na alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu lile alilielekeza hatua moja pembeni yangu, mahali alipodhani nimesimama.

"Nimesikia sauti yako, wifi," akasema. "Afadhali umekuja. Kaka yako akisoma ni mbio mbio, kama anafukuzwa. Hebu nisomee wewe taratibu ile karatasi ya hospitali niliyotia saini Jumatatu. Nataka kujua wameandika siku gani."

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Kaka alinyanyua uso akanitazama, na alikuwa anatikisa kichwa, polepole, mara moja, mara mbili.

Wifi akavuta kigoda kingine, akaketi, akakunja mikono mapajani, akangoja.

Nikafungua mdomo.